Msabato na Kipindi cha Jumamosi

Jumanne nilikuwa nikisubiri fotokopi katika duka moja la Nyamagana. Kando yangu wanachuo wawili, msichana na mvulana, walikuwa wametandaza ratiba zao za muhula ujao juu ya kaunta, wakizilinganisha mstari kwa mstari. Kidole cha msichana kikasimama.

"Kompyuta wameniweka Jumamosi asubuhi. Na mimi Msabato."

"Mwombe Mungu ruhusa ya masaa mawili tu," mvulana akasema.

Msichana hakucheka. "Nikikosa vipindi, mtihani sifanyi. Mwalimu kasema tubadilishane wenyewe, mwisho leo saa tisa. Wewe una Alhamisi."

Mvulana akaivuta ratiba yake karibu na kifua. "Jumamosi asubuhi tuna mechi, dada. Timu nzima ya Mabatini haina golikipa mwingine."

"Najua. Lakini wenzako wanne nimeshawaomba, wamekataa."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu. Mvulana aliitazama, akaikunja ratiba, akaikunjua tena. Mwishowe akaomba kalamu kwa mwenye duka, akaikata Alhamisi yake, akaandika Jumamosi.

"Tukifungwa, nitawaambia ni wewe uliyekaa golini."

Shangazi yangu, Msabato naye, aliacha chuo cha ualimu kwa sababu ya vipindi vya Jumamosi. Katika ukoo wetu tunasema dini ndiyo iliyomwachisha, nami nimewasimulia wanangu hivyo miaka yote. Sasa najiuliza aliwaomba wenzake wangapi, na walimjibu nini.