Mjomba Mahlon na Kaburi la Upande wa Pili

Mjomba wangu Mahlon Rothenbusch alikuwa mkulima wa viazi, mgane, Mlutheri na mbishi, na kati ya hayo manne ubishi ndio aliouanza mapema zaidi. Alizaliwa kwenye shamba lile lile ambalo babu yetu wa kwanza, Johann Peter, alilifyeka msituni baada ya kushuka kwenye meli kutoka Ujerumani, Pennsylvania ilipokuwa bado ya mfalme wa Uingereza. Hakuwahi kuishi kwingine na hakuona sababu.

Viazi vilimpa riziki, lakini raha yake ilikuwa ukoo. Alikuwa amechora mti wa ukoo wetu, kwa rangi iliyobaki ya kupaka ghala, nyuma ya pazia la kuviringisha la dirisha la jikoni. Mgeni akiingia, hata kahawa hajapewa, Mjomba anavuta kamba na babu zetu wote wanashuka: Johann Peter shinani, wanawe juu yake, wana wa wanawe matawini. Akivuta vibaya, pazia linaruka juu kwa kishindo na ukoo mzima unajiviringisha. Ulikuwa mti wa wanaume watupu. Ungedhani sisi tunachipua wenyewe kama viazi. Kando ya Johann Peter kulikuwa na duara tupu la mkewe, Anna Maria. Tulijua jina lake tu. Kaburi lake Mjomba alilitafuta tangu ujana asilione.

Kanisa letu lina paa moja na madhehebu mawili. Jumapili moja ni ya Walutheri, inayofuata ni ya Wakalvini. Makaburi ni vivyo hivyo, sisi mashariki, wao magharibi. Mlutheri akioa Mkalvini, watoto wa kiume humfuata baba na wa kike humfuata mama, mpaka kaburini. Kila kundi hukata nyasi za upande wake, na mashine husimama pale pale katikati kana kwamba kuna ukuta. Mjomba hakuwahi kukanyaga ng'ambo. Kazi yake ilikuwa kusimama dukani na kujigamba, "Tangu tushuke melini, hakuna Rothenbusch aliyeoa Mkalvini. Hata mmoja!"

Na Mjomba huyo huyo alimpenda Mkalvini. Sevilla Dornmeyer alikuwa mjane, mfuga bata bukini, mwenye mikono mipana na ulimi usiokopesha. Kila Jumamosi Mjomba alimpeleka sokoni kwa lori lake, na akirudi alipiga mluzi mpaka mbwa wakaona haya. Wote tulijua anamtaka. Lakini angemwoaje, na majigambo yote yale ameyatandaza dukani? Mama yangu, Naomi, ambaye ni dada yake mkubwa na ndiye aliyemtunzia nyumba, alimkumbusha jambo hilo bila kuulizwa. Mjomba alianza kukonda.

Mwishoni mwa kiangazi kimoja, mkata nyasi wa Wakalvini alianguka kutoka dari la ghala akavunjika mguu. Pasta wao akaja kumwomba Mjomba awasaidie mara hii tu. Alikubali kwa kununa, akaondoka na mashine kama mtu anayepelekwa jela.

Mimi na Mama tulikuwa tunakata kabichi za kuchachusha alipoingia mbio, nyasi mpaka kwenye nyusi.

"Nimemwona!"

"Nani?" Mama aliuliza.

"Bibi! Anna Maria Rothenbusch! Jiwe limesimama wima, limesuguliwa, lina maua kwenye kopo! Ng'ambo, Naomi! Bibi yetu alikuwa Mkalvini!"

Mama aliweka kisu chini. "Umesoma vibaya."

"Jina langu nisome vibaya? Na mabinti zake wamelala hapo pembeni. Mabinti! Mimi hata sikujua walikuwepo."

"Basi endelea kutojua. Nenda kamalizie nyasi, na ufunge mdomo."

Angejuaje? Alimtafuta kando ya wanawe, na wanawe walikuwa upande wetu. Miaka yote hiyo nusu ya ukoo ilikuwa imelala umbali wa kurusha kiazi. Nilicheka mpaka nikaegemea pipa, na wala sikuomba radhi.

Mjomba hakurudi kwenye nyasi. Alinawa uso, akavaa suti nyeusi siku ya Jumanne, akaniambia niendeshe lori.

Tulimkuta Sevilla uani, ananyonyoa bata bukini. Aliitazama suti.

"Kafa nani?"

"Hajafa mtu. Sevilla, nimempata bibi yangu."

"Oho! Hatimaye."

"Kumbe ulijua?"

"Si namsugua kila masika? Na mama yangu alimsugua kabla yangu. Wakalvini wote tunajua, Mahlon, mpaka watoto."

"Na hamkuniambia!"

"Wewe ukisimama dukani kutukejeli, sisi tunaangaliana tu. Ulitaka tujinyime starehe hiyo?"

Mjomba alikuja na jambo kubwa na hakutaka hasira zimharibie. "Haya, yaishe. Sasa hakuna kizuizi. Babu alioa kwenu, nami naweza. Nimekuja kukuposa."

Nilidhani Sevilla atamtupa bata amkumbatie Mjomba. Aliendelea kunyonyoa, lakini macho yake yalikuwa yamelowa.

"Nimekungoja sana, mzee wewe," alisema. "Nilingoja uje useme hivyo ukiwa bado unaamini ni mwiko. Sasa unaniletea ruhusa ya marehemu. Mshukuru bibi yako, lakini mimi siolewi na bibi."

"Sevilla, sikiliza..."

"Nenda nyumbani. Manyoya yataharibu suti."

Mama alipopata habari alifurahi waziwazi, akamkatia pai ya molasi kipande cha watu wawili. Mjomba hakukigusa. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia vilevile. Mtu anafukua babu wa enzi za mfalme, lakini mwanamke anayekaa naye lorini kila Jumamosi hajui anataka nini!

Jumapili iliyofuata alivaa tena suti.

"Leo si zamu yetu," Mama alimwambia.

"Najua."

"Watakucheka."

"Wananicheka tangu zamani, Naomi. Tofauti ni kwamba leo nitasikia."

Nilimfuata. Kioja kama hicho ningekikosaje? Kanisani kwetu wazee bado huketi wanaume kushoto na wanawake kulia. Mjomba alipoingia, wanaume wa Kikalvini walitanua magoti wote kwa pamoja.

"Pamejaa, Mahlon," alisema mzee Irvin Schlegel, akiwa kwenye benchi ambalo ungeweza kumlaza ndama juu yake. "Jaribu wiki ijayo."

Kanisa zima likacheka. Masikio ya Mjomba yaliwiva, nami nilijua atageuka atoke. Alivua kofia akabaki amesimama katikati ya ujia.

"Nimewakejeli maisha yangu yote," alisema, sauti ikikwaruza. "Nilikuwa mjinga. Na sikuja kwa ajili ya bibi. Hata kama angezikwa kwetu, nilipaswa niwe nimeshakuja. Nampenda Sevilla Dornmeyer, na niliogopa mtanicheka. Haya, chekeni."

Hakuna aliyecheka. Pasta alishika kitabu cha nyimbo asijue afungue wapi.

Upande wa wanawake, Sevilla aliunyanyua mkoba wake kutoka kwenye benchi akauweka sakafuni.

"Hawa wanaume wetu hawana adabu," alisema. "Njoo ukae huku. Na usiimbe kwa nguvu, hiyo sauti yako naijua."

Mjomba akavuka ujia, akaketi katikati ya kofia za akina mama, kofia yake magotini, analia bila kujificha.