Hoja ya Tuta Letu

Tuta la kuzuia maji ya bahari lilipobomoka kwetu Ozi, maji ya chumvi yakawa yanaingia mashambani kila bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi. Mamangu alikuwa amebakiwa na debe moja la mbegu ya mpunga. Moja tu. Akaniambia, "Mwanangu, sipandi mpaka nisikie tuta linajengwa. Hii nayo ikiungua, mimi nimekwisha."

Mwakilishi wetu wa wadi akaahidi kupeleka hoja kwenye bunge la kaunti. Bila hoja kupigiwa kura ikapita, alisema, hata toroli moja ya udongo haitoki. Tukaenda watu watano kusikiliza. Tukaketishwa mahali pa wageni, na askari akatuonya: mgeni hasemi, hapigi makofi, na akiweza asikohoe.

Mwakilishi wetu alisimama akaisoma hoja vizuri, Mungu amlipe. Alipoketi, spika akauliza, "Nani anaiunga mkono?" Kimya. Akauliza tena. Kimya, mmoja anachezea simu yake. Spika akagonga meza, wakaingia jambo lingine.

Wallahi tulifurahi! Kwetu barazani mzee huuliza, "Kuna mwenye neno?" Watu wakinyamaza wamekubali, inasomwa Fatiha, kwisha. Asiyetaka ndiye husema. Na pale hakupinga hata mmoja! Tukasoma Fatiha yetu moyoni, tukatoka tukipongezana. Tulipofika Tarasaa, njiani kurudi, mjinga wa kwanza kupiga simu nyumbani nilikuwa mimi. "Mama, imepita bila pingamizi. Panda." Akapanda debe zima.

Wiki ya pili, mpunga umeshaota, mwakilishi akaja kijijini, macho chini. Kumbe hoja ilikufa palepale. Isipopata mtu wa pili wa kuinuka na kuiunga mkono, haifiki hata kwenye kura. Simu zetu alikuwa hazipokei kwa aibu. Basi hatukukataliwa, hatukuchukiwa, hakuna hata aliyejisumbua kutupinga. Watu wazima wote wale, na hakuna aliyeinua makalio yake kwenye kiti! Hilo linaniuma mpaka leo, na sioni dawa yake.

Bamvua iliyofuata maji yakaingia. Mpunga ukakauka umesimama.

Nilimkuta mama ameketi ukingoni mwa shamba, debe tupu kando yake.

"Ulikuwapo siku ile?"

"Nilikuwapo, mama."

"Wote walipokaa kimya, nawe ulinyamaza?"

Nilitaka kumweleza habari za askari, kwamba mgeni haruhusiwi kusema. Nilitaka kumwambia hata mimi nilikosa, si wao peke yao. Akanitazama, akangoja kwa subira, kama wanavyongoja wazee barazani. Sikusema neno. Ndipo akainua mikono yake, ingali na tope la shamba, akasoma Fatiha.