Helmeti Nyeusi Siku ya Kwenda Ukweni

Walisema sitaweza kusimama juu ya lile gurudumu, wakasema hata nikisimama sitatembea, na nikitembea sitafika kwenye mashine ya kusaga ya hapa Mtinko bila kuacha meno njiani. Nilisimama, nikatembea, nikaipita mashine, nikageuza, nikarudi mkono mmoja ukiwa mfukoni. Kwa hiyo ninapowasimulia aibu yangu msikae mkisubiri kusikia kwamba nilianguka, siku ya aibu sikuanguka. Aibu yangu ilitoka kwenye kitu nilichonunua ili nisiumie, na mpaka leo nikiikumbuka najikuta nashika masikio yote mawili kuhakikisha kama bado yapo.

Mnaonifahamu mnajua nilikotoka. Niliondoka Mtinko na begi lenye mashati mawili, nikaosha magari Dar es Salaam, nikasoma jioni hadi nikapata stashahada ya umeme, halafu nikatengeneza lifti za maghorofa miaka minane. Sikusomeshwa na mjomba wala mradi (nasema hili kila mahali, najua, mnivumilie). Niliporudi kufungua karakana yangu ya pampu na sola nilirudi na hilo gurudumu, ambalo mgeni mmoja aliyemaliza mkataba wake aliniuzia kabla ya kupanda ndege. Ni gurudumu moja tu, nene, betri na mota zimo ndani yake, lina vikanyagio viwili vya pembeni. Unalisimamia likiwa katikati ya miguu yako. Ukiinamia mbele linakwenda, ukiegemea nyuma linasimama. Halina usukani, halina kiti, halina pa kushika. Wazee waliliita kiti cha wachawi, vijana wakaniita Injinia, na jina la vijana nilililea.

Ubaya wake ni kwamba likikutupa linakutupa mbele, na uso ndio unaotangulia. Nilijifunzia uwanja wa mpira na nikashonwa kidevu nyuzi nne. Hapo ndipo nilipojua nahitaji helmeti, na mimi si mtu wa kununua kitu kwa kubahatisha, nikasema nitafanya utafiti. Nikaazima helmeti tatu kwa watu watatu, nikimwambia kila mmoja, "Siku mbili tu, narudisha."

Ya kwanza ilikuwa ya Rama, rafiki yangu wa bodaboda. Nyepesi, inapitisha hewa, unamsikia hata mtu anayekuita kwa nyuma, lakini inafunika utosi na kuacha kidevu nje, na kidevu changu kilikwisha kushonwa. Ya pili aliniletea binamu yangu Simioni, anayechimba dhahabu Sekenke, ile ya njano ya mgodini. Hiyo inakulinda na jiwe linalotoka juu, nami adui yangu alikuwa anatokea chini. Ya tatu ilikuwa ya nesi wa zahanati yetu, anayokwenda nayo vijijini kwa pikipiki: nzito kidogo, ina mikwaruzo, rangi yake kama ya maziwa yaliyochacha, lakini inafunika mpaka kidevuni, sponji zake zinakumbatia mashavu bila kuyabana, ukitikisa kichwa inatikisika pamoja nawe. Nilizipanga rafuni karakanani, nikazibandikia karatasi za alama, joto, uzito, kusikia, kidevu, na kila mteja aliyeingia alipata mhadhara wa bure. Siku mbili zikawa wiki tatu.

Neema, mchumba wangu, alizitazama siku moja akasema, "Elia, ya nesi ndiyo yako. Nunua kama hiyo, na hizi urudishe, wenyewe wanazihitaji."

"Utafiti haujaisha," nikamwambia.

Wiki ile ile nilikwenda Singida mjini, nikaiona. Nyeusi ya kung'aa, mstari mwekundu ubavuni, kioo cheusi usichoweza kuona aliyemo ndani. Mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha bodaboda wote kupima kichwa kwa futikamba, juu kidogo ya nyusi, kuzunguka mpaka kisogoni. Kichwa changu kina sentimeta sitini na moja. Karatasi ya ndani ya ile helmeti ilisema hamsini na saba. Muuzaji akaniambia, "Hizo namba zao tu bosi, ukiivaa siku mbili itapanuka," na mimi, mwenye cheti ukutani, nikajitazama kwenye kioo cha duka na kuona kwamba muuzaji anasema kweli. Kuivaa nililazimika kuivuta kwa mikono miwili, masikio yakajikunja kama chapati. Dakika kumi baadaye paji la uso lilikuwa linapiga ngoma. Nikalipa.

Sasa msikilize lililokuwa mbele yangu. Neema alilelewa na bibi yake, Bibi Salome, nyumba moja na mama yake, na posa yangu ilikuwa imefika kwao, imepokelewa, imebaki kauli ya bibi tu. Bibi macho yalikuwa yanafifia. Presha ya macho, walisema hospitali, na kilichokwisha kuondoka hakirudi. Wakati ule bado alikuwa anaona sura mchana, jua likiwa kali na mtu akiwa karibu. Baba mdogo, ndiye alikuwa mshenga wangu, akaniletea ujumbe: "Bibi anasema anataka aone uso wa mtu anayemchukua mjukuu wake, aone kwa macho yake kabla giza halijafunga. Jumapili saa nane. Tutakwenda wote kwa miguu, taratibu, kama watu."

Nikamwambia, "Baba mdogo tangulia, nitakukuta."

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilitaka ukoo mzima unione nikiingia. Nikavaa suti ya kijivu, nikaivuta helmeti mpaka ikafika, nikapanda gurudumu.

Upepo wa kwetu mnaujua. Ndani ya ile helmeti nilisikia upepo na pumzi yangu tu. Karibu na nyumba yao niliwakuta wazee watatu wanatembea pembeni mwa barabara, wakainua fimbo zao na midomo ikawa inacheza. Nikadhani wananishangilia. Mtu aliyelelewa Mtinko akikutana na mzee anasimama, anavua kofia, anatoa shikamoo, na hilo silihitaji cheti kulijua. Mimi niliwapungia mkono kama mgombea, nikawapita. Walikuwa wajomba zake Neema, wanakwenda kule kule ninakokwenda, na walikuwa wananiita wanipe pole ya safari.

Nikaingia uani, nikashuka kwa madaha, watu wamekaa, na Bibi Salome amewekewa kigoda katikati kabisa, juani, makusudi. Nikafungua mkanda wa kidevu, nikashika helmeti kuvua. Haikutoka. Nikavuta tena. Kichwa kilikuwa kimevimba kwa joto, jasho limegandisha sponji mashavuni, na kila nikivuta masikio yanageuka kuja nayo. Nikasimama pale nimejishika kichwa kama mtu aliyepata habari mbaya.

"Mbona hasalimii?" Bibi akauliza.

"Shikamoo bibi!" nikapiga kelele.

"Anasema nini?"

"Anasalimia, mama," baba mdogo akajibu, jasho linamtoka kuliko mimi. "Salamu imo ndani."

Nikafungua kile kioo. Bibi akanivuta koti, akasogeza uso wake karibu kabisa na tundu, akachungulia. "Naona macho mawili kama ya paka aliyetiwa kwenye gunia," akasema. "Pua nusu. Uso uko wapi?"

Uani wakaanza kucheka, kwanza kwa heshima, wakikohoa. Ndipo wajomba watatu walipoingia, na mkubwa wao akaninyooshea fimbo. "Ndiye huyu! Katupita barabarani kama tumekuwa visiki. Tumemwita, katupungia!"

"Sikusikia, mjomba," nikasema, nao wakasikia mvumo tu.

Bibi akanyoosha mkono. Kwetu mkubwa akikukubali anaweka kiganja kichwani pako, hakuna sherehe wala nini, ni kiganja tu. Alikiweka. Akapapasa, akagonga kwa kucha, ko ko ko. "Nimetaka kichwa cha mkwe nimeshika sufuria," akasema, na sasa hakuna aliyekohoa tena, walicheka wazi, hata Neema, ambaye alikuwa mlangoni ameziba mdomo kwa khanga na machozi yanamtoka, sikujua ya upande gani.

Wakamwita Rama, aliyekuwa amemleta mgeni mmoja kwa pikipiki, kwamba yeye ndiye mtu wa helmeti. Rama akaishika kwa mikono miwili, akaweka goti kifuani kwangu, halafu akaacha. "Injinia, kabla sijavuta," akasema kwa sauti ya watu wote, "helmeti yangu iko wapi?"

"Karakanani."

"Siku mbili uliniambia. Trafiki kanisimamisha mara mbili wiki hii. Na nesi juzi kabeba mkoba wa chanjo kwa miguu mpaka kule bondeni, pikipiki imekaa tu, kwa sababu hapandi kichwa wazi na ya kwake unayo wewe. Una helmeti nne ndugu yangu, na kichwa kimoja."

Kicheko kikakatika. Afadhali wangeendelea kucheka. Bibi aligeuza sikio kule ilikotoka sauti ya Rama, akalisikia lote.

Walivuta Rama na mjomba mmoja, wakapumzika, wakavuta, saa zikaenda, mtu akapendekeza msumeno (nililisikia hilo vizuri kabisa), mpaka mama yake Neema akaja na dumu la mafuta ya alizeti waliyokamua wenyewe, akanimiminia shingoni na kwenye mashavu bila kupima. Mafuta yakaingia machoni, yakaingia kwenye suti, yakafika kwenye soksi. Helmeti ikatoka kwa mlio kama chupa inayofunguliwa na ngozi ya masikio ikabaki ndani yake.

Nikapiga magoti mbele ya Bibi, sioni, natiririka. "Shikamoo bibi."

"Marahaba." Akakaza macho. Nikajifuta macho, nikageuka kutazama alikokuwa anatazama: jua lilikuwa limeshapita nyuma ya majabali na kivuli kimefunika ua wote. Wakati tunavutana na helmeti muda wake ulikuwa umekwisha. "Naona giza lenye kichwa," akasema polepole. Alinyoosha mkono, akagusa mafuta, akaurudisha. "Mjukuu wangu simpi mtu mwenye vitu vya watu rafuni. Rudisha vyote kwa wenyewe. Kisha uje, na uje kwa miguu."

Ingekuwa mimi ni mtu mwenye akili kama cheti changu kinavyodai, ningerudisha kesho yake. Sikuweza kutoka. Masikio yalikuwa yamefungwa bandeji, Mtinko nzima wakipita karakana wanagonga bati, ko ko ko, nami nikajifungia nikijidai nina kazi nyingi. Nikajiambia Simioni hapatikani kwenye simu. Nikajiambia aibu ipoe kwanza. Wiki zikapita, na Neema akaja, hakukaa, alisema akiwa amesimama: "Bibi kila siku saa nane anahamishia kigoda juani. Anauliza kama umefika. Kila siku, Elia."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kijiweni kwa Rama kabla ya abiria wa kwanza. Nilimpa helmeti yake na jogoo. Alimtazama jogoo, akanitazama masikio, akauliza, "Ile nyeusi imepanuka?" Tukacheka, na nikajua nimesamehewa. Nesi hakucheka. Aliipokea yake, akaikagua ndani, akasema, "Watoto walinisubiri mpaka saa kumi," akaingia ndani. Hilo ndilo limenikaa kuliko kicheko cha uani. Sekenke nilikwenda kwa basi, nikamngoja Simioni mpaka akatoka shimoni, amevaa kitambaa kichwani chini ya yale mawe yote, na hakusema neno la lawama, aliivaa tu yake ya njano akarudi kazini. Mama yake Neema nilimpelekea dumu la mafuta, nilikamulisha alizeti ya shamba langu mwenyewe. Leo ninavaa kama ile ya nesi, nimeipima kwa futikamba, na ile nyeusi iko nyuma ya karakana, mtetea wangu anatagia humo na inamtosha.

Siku niliyomaliza kuwarudishia wote nilikwenda kwa Bibi, kwa miguu, kichwa wazi. Ilikuwa saa nane na jua la Singida halina huruma. Nikapiga magoti mbele ya kigoda, karibu kabisa, nikainua uso.

"Shikamoo bibi. Ni Elia."

"Marahaba. Wote?"

"Wote, bibi."

Alinielekezea uso, lakini macho yalipita juu ya bega langu yakaenda ukutani. Neema akatazama chini. Nikaelewa bila kuambiwa.

Bibi akaweka kiganja chake kichwani pangu, akakiacha hapo muda mrefu. Kisha vidole vikashuka, paji la uso, pua, vikakuta kovu la kidevuni. "Hapa ulianguka?"

"Nilianguka nikijifunza."

"Basi ulikuwa na sababu ya kutafuta kofia." Akashika masikio, moja moja, taratibu, kama mtu anayechagua mahindi. "Haya. Nimekuona. Mchukue mjukuu wangu."

Kidole gumba chake kikafika shavuni, kikakuta unyevu, kikasimama. "Na haya nayo," akauliza, "ni mafuta?"

"Ndiyo, bibi," nikasema. "Yalibaki."