Kitambaa cha Baiskeli ya Kumi na Nne

Mkunga ndiye aliyenipokea duniani, mimi na nusu ya mtaa wetu. Kwa miaka thelathini na tano alikwenda kuzalisha kwa baiskeli, mvua inyeshe jua liwake. Alipostaafu hakutaka kukaa kitini kuhesabu wapita njia. Akajiunga na kundi letu la kuvuka jangwa: waendeshaji kumi na wanne, siku kumi, lori moja la maji, na mimi fundi wao. Alikuwa na miaka sitini na sita. Dada yake mkubwa aliishi mji wa mwisho wa safari, na Mkunga alimwahidi kwamba atafika mlangoni kwake kwa nguvu za miguu yake mwenyewe.

Kundi lilikuwa na sheria mbili. Hakuna anayepanda baiskeli asubuhi kabla sijaikagua na kufunga kitambaa chekundu kwenye usukani. Jioni kila mtu hukifungua na kunirudishia mkononi, akisema, "Kazi njema, fundi." Sheria ya pili ilikuwa ya lori: ukilipanda, hata kwa hatua mia, hushuki tena mpaka mwisho. Kiongozi wetu, mwalimu wa hesabu, hakuwa mtu wa kubembelezwa.

Jioni ya siku ya saba nilimbadilishia Mkunga raba za breki za nyuma. Raba mpya ni nene. Kabla ya safari lazima uzungushe gurudumu uhakikishe hazigusi rimu, na hilo hata mwanafunzi wa wiki moja analijua. Asubuhi nilikagua baiskeli kumi na tatu. Harufu ya chai ikanifikia, na mimi na chai ni pete na kidole. Ile ya kumi na nne niliitazama kwa macho tu, nikafunga kitambaa, nikaenda zangu kunywa.

Siku hiyo upepo ulitupiga usoni tangu kilomita ya kwanza, na mchanga ulikuwa unakatiza barabara. Pande zote hapakuwa na kitu ila mawe na nguzo za simu. Tuliposimama kunywa maji kilomita ya arobaini, Mkunga aliingia wa mwisho, yeye ambaye siku zote huwa katikati. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Fundi, mwanangu, hebu nitazamie hii baiskeli. Leo naona inanivuta nyuma."

Nilikuwa nimeketi kivulini mwa lori, mkate mdomoni. Watu walikuwa wananisikiliza, na mimi nikisikilizwa hupata wazimu.

"Baiskeli haina neno, Bi Mkunga. Kitambaa si hicho hapo? Labda tumkague dereva wake!"

Wakacheka wote. Naye akacheka. Akajipangusa uso kwa ncha ya mtandio, akasema, "Kweli bwana, chuma hakizeeki upesi kama mimi," akapanda tena.

Alipochelewa tena, mwalimu na mimi tulirudi na lori, tukamkuta kilomita ya sabini na moja, ameketi kando ya barabara, miguu imenyooka mbele. Mwalimu alimuuliza mara mbili kama ana hakika.

"Nina hakika. Umri umenikamata," akasema. "Nisaidieni kupanda."

Alipokwisha kuketi juu, kati ya mapipa ya maji, nikainua baiskeli yake. Gurudumu la nyuma halikutaka kuzunguka. Nilishika rimu, ilikuwa ya moto. Raba moja ilikuwa imeibana, na weusi wake umepaka duara zima. Kilomita sabini na moja mama wa watu amekanyaga pedeli huku nimemfungia breki.

"Baiskeli ina tatizo?" mwalimu akauliza.

Pale palikuwa pahali pa kusema. Mwalimu angeghadhibika, lakini ni mtu wa haki. Angemshusha, na Mkunga angepumzika akaendelea. Nililijua hilo vizuri.

"Haina," nikasema.

Jioni alinirudishia kitambaa kwa mikono miwili. "Kazi njema, fundi. Kosa halikuwa la baiskeli." Siku mbili baadaye alifika kwa dada yake akiwa kwenye lori. Dada mtu alikuwa amesimama mlangoni, akitazama waendeshaji mmoja mmoja wakipita.

Tuliporudi nyumbani alinipa ile baiskeli. "Mpe mwenye miguu," akaniambia. Sijampa mtu. Imening'inia kwenye karakana yangu mwaka wa pili huu. Nililegeza skrubu ya breki robo mzunguko tu, basi, ikapona. Yeye siku hizi anatembea kwa miguu, polepole, na kila mahali huwaambia watu kwamba uzee haupigi hodi.

Jana alipita kunisalimia. Akasimama chini ya baiskeli, akalisukuma gurudumu la nyuma kwa kidole kimoja. Likazunguka, likazunguka, bila sauti. Alilitazama mpaka liliposimama lenyewe.

"Siku ile halikuwa hivi," akasema taratibu.

Akanigeukia, akangoja. Hakuwa na hasira. Alingoja kwa subira ya mtu aliyengoja watoto maisha yake yote.

Nami nikainama chini ya meza, nikatafuta spana iliyokuwa mkononi mwangu, mpaka niliposikia hatua zake zinaondoka.