Balbina Aliyezama Topeni Akaambiwa Asitikisike

Balbina Outeiro alianza kuchimba kome kabla hajamaliza kung'oka meno ya utoto, na tope la mlango wa mto wao alilijua kama anavyojua donge la unga wa mkate wake. Kwa hiyo siku aliyozama, kijiji kizima kilikataa kuamini.

Asubuhi hiyo maji yalikuwa yamekupwa. Profesa Leandro wa chuo kikuu alikuwa amefudikiza bakuli kubwa la plastiki juu ya tope, ili anase kila kitu ambacho tope huyarudishia maji: mbolea iliyochuruzika kutoka mashambani, na madini ya risasi na zinki kutoka machimbo ya zamani huko juu mtoni. Vitu hivyo hulala topeni miaka na miaka; ukilivuruga tu, vinaamka. Balbina alikatiza hapo karibu, ndoo mkononi. Mguu ukadidimia, wa pili ukaufuata, akazama hadi mapajani.

"Mama, tafadhali, usitikisike!" Profesa alipiga kelele. "Utaniharibia kipimo!"

"Nitikisike kwa miguu ipi? Huoni imekwenda?"

"Basi vizuri. Kaa hivyo hivyo mpaka maji yajae."

"Yakijaa nitakuwa chini yake, mwanangu!"

Dada yake Hermitas alipopata habari alitambaa juu ya mbao, akimletea supu ya kabichi na viazi. "Kula, mdogo wangu. Usife na njaa."

"Unaniongeza uzito, Hermitas!" Lakini alikula, maana njaa haina adabu.

Padri Eladio naye akaja na viatu vyake vya mpira, akauliza kama angependa kuungama. Balbina akamjibu kwamba dhambi zake zote ziko chini ya kiuno, na kwa sasa hazifikiki. Meya alibaki ukingoni akiuliza kama tope lile ni la manispaa au la chuo, ili ajue nani wa kumvuta.

Maji yakafika mbavuni. Yalikuwa baridi, na hapo mzaha ukamtoka Balbina.

"Nusu saa tu, mama," Profesa alimsihi, naye karibu alie.

"Nusu saa kamzamishe mama yako!"

Akalikumbatia lile bakuli kwa mikono miwili, akavuta. Likang'oka kwa mlio wa kwato ya ng'ombe ikitoka matopeni, tope likalegea miguuni mwake, wingu jeusi likapanda majini, na harufu ya mayai viza ikamrudisha Meya nyuma. Hermitas na Padri wakamdaka Balbina mabegani, wakamburura juu ya mbao, hana viatu wala sketi.

Profesa aliliangalia lile wingu kwa huzuni, kisha akachovya chupa. Vipimo vilipotoka, maji yale yalikuwa na risasi na zinki nyingi kuliko yote aliyowahi kuchota pale. Manispaa ikalifunga eneo lile la kome na kusimika kibao: *Ni marufuku kuzama bila kibali.*

Balbina alikwenda ofisini kuomba kibali.

"Sababu ya kuzama?" karani aliuliza.

"Kazi."

Akapewa: Jumanne tu, mwisho magotini.

Majirani walicheka wiki nzima. Yeye alihamia upande wa mchanga, ambako kome ni wadogo na mgongo huuma zaidi, akawa anamtukana Profesa kila alipoinama. Lakini kome wa pale penye kibao hakuwagusa tena. Hata paka wake hakumpa.