Barafu ya Bawshar

Restituta wa Bukoba si mtu wa uongo. Miaka kumi na mmoja anafanya kazi Bawshar, mtaa wa Maskati, nyumbani kwa Bi Jawaher, na hata kijiko hakijapotea. Uongo wake ni mmoja tu, na wala hakuusema kwa mdomo. Laiti angejua!

Afra, mjukuu wa Bi Jawaher, aliletwa mwezi wa Januari akiwa na miaka saba. Baba yake, Khalil, aliachana na mkewe huko Aislandi, nchi ya baridi kali, akamleta mtoto kwa bibi yake, naye akaenda zake Salala kikazi. Kiswahili mtoto anakijua, baba alimfundisha, ila hakuwa msemaji. Mtu wake akawa Restituta. Jikoni yuko naye, kwenye kuanika nguo yuko naye.

Aprili, Jumatano moja jioni, Afra akajaza bakuli maji, akaliweka barazani. Kwao, alisema, kesho ni siku ya kwanza ya kiangazi. Watoto hupewa zawadi, na maji yakiganda usiku wa kuamkia siku hiyo, kiangazi kitakuwa cha heri.

"Hapa Maskati, mwanangu? Labda yachemke!" Restituta akacheka.

Mtoto hakucheka. Basi huruma ikamshika mwenzenu. Alfajiri alitoa pande la barafu kwenye friza, akalitumbukiza bakulini, akarudi kukanda unga wa chapati kana kwamba hajui lolote.

Kelele za Afra ziliamsha nyumba nzima. Restituta alifurahi, na nani asingefurahi? Mara akamwona mtoto anatoka na begi mgongoni na koti la sufu mwilini, joto lote lile, anakwenda kukaa langoni.

"Unakwenda wapi?"

"Namngoja mama. Niliomba, maji yakiganda aje anichukue. Yameganda."

Lo! Restituta angesema pale pale, yangekwisha. Akajiambia atasema baada ya chai. Kisha baada ya adhuhuri. Ukweli ni kwamba aliona aibu, na aliogopa mtoto asimpende tena.

"Mwache, atachoka mwenyewe," alisema Bi Jawaher. Hakuchoka. Chakula alikataa, koti hakuvua.

Alasiri simu ikalia. Mama mtu, anamtakia mwanawe kiangazi chema. Bi Jawaher akampelekea simu pale langoni, na Afra alipojua kuwa mama bado yuko kwao, akairudisha.

"Simtaki. Mwongo."

"Njia ya mwongo fupi," Bi Jawaher akaitikia upesi, maana mkwe huyo hakumpenda tangu zamani. "Mie nnamjua."

Hapo Restituta akashindwa. Alipiga magoti mbele ya mtoto. "Mama yako hakudanganya, wala hakujua kitu. Barafu niliitia mimi."

"Kwa hiyo hayakuganda?"

"Hayakuganda, mwanangu."

Mtoto akavua koti, akaingia ndani peke yake.

Miaka miwili imepita, na Afra bado yuko Bawshar. Restituta husema barafu ile Mungu ataisamehe, ilikuwa huruma. Lakini zile saa tisa, mtoto amekaa langoni anamngoja mama asiyejua kuwa anangojwa, naye yuko jikoni anaosha vyombo, hizo hajui amwombe nani msamaha.