Rangi ya Chini ya Gari la Mdogo Wangu

Wiki iliyopita nilimwita kijana aje kunipakia rangi chumba cha mbele. Niliporudi sokoni nikamkuta ameshapaka ile rangi ya chini, ya kijivu, inayotangulia kabla ya rangi yenyewe, na ameipaka ovyo. Ukuta umetiririka machozi, mahali pengine rangi imejikunja kama ngozi ya maziwa, na vumbi limeganda humo humo. Kijana wa watu alisimama akingojea matusi, maana ulimi wangu mtaani unajulikana. Nikamwambia tu, "Kwangua, mwanangu, uanze upya." Nikaingia jikoni, nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikawa natazama kucha zangu.

Wewe unayenijua utashangaa. Basi kaa nikupe kisa, maana sijapata kumhadithia mtu, na aibu yake ninayo tangu nina miaka kumi na mbili.

Nyumba yetu ilikuwa Mji Mkongwe, katika kichochoro chembamba hata ukitokea mzigo wa kuni inabidi urudi nyuma uupishe. Ilikuwa ya bibi, mama yake baba. Wazazi wangu walikuwa Pemba, nami niliwekwa kwa bibi kwa ajili ya skuli. Asubuhi tuliamshwa na vikombe vya muuza kahawa akivigonganisha, na harufu ya mikate ya mofa kutoka nyumba ya jirani. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini, miaka ya foleni, na kazi yangu kubwa ilikuwa kupanga foleni ya mchele, na mchele ukipatikana, kuuchagua mawe. Mawe yalikuwa mengi. Bibi akisema tunapimiwa kokoto zilizochanganywa na mchele kidogo ili tusiudhike.

Tulikaa watatu: bibi, mimi, na mdogo wangu. Nasema mdogo wangu, lakini ni mtoto wa ami yangu. Mama yake alifariki akimzaa. Baba yake aliondoka mwaka wa sitini na nne, mtoto hajui hata kufunga kifungo, akaishia Uingereza kufanya kazi kiwandani. Mtoto alimjua baba yake kwa picha moja na kwa barua.

Barua hizo nilizisoma na kuziandika mimi. Bibi alisoma Kurani vizuri sana, lakini macho yalikuwa yameanza kumtupa, kwa hivyo kila baada ya muda, Ijumaa baada ya sala, alinikalisha mkekani na kalamu, akasema, nami nikaandika. Nilijivuna nayo kazi ile. Nikijiona waziri.

Siku moja kikaja kifurushi. Ndani yake mlikuwa na gari la plastiki lililokuja vipande vipande, milango mbali, magurudumu mbali, gundi katika tyubu ndogo, na kikopo kidogo cha rangi ya kijivu. Ami aliandika kwamba kijivu hicho ni rangi ya chini, hupakwa kwanza, kidogo kidogo, ndipo rangi nyekundu ishike. Nyekundu atakuja nayo mwenyewe.

Mdogo wangu, mwenye miaka tisa, aliliunga gari lile kwa wiki mbili, ulimi nje, juu ya kidato cha chini cha ngazi penye mwanga. Hakuniruhusu kushika hata gurudumu. Lilipomalizika lilikuwa zuri, usiseme. Jeupe, milango inafunguka. Akaliweka kwenye kidaka, lile shubaka la ukutani ambamo bibi aliweka msahafu wake, na kila akipita alisimama kulitazama.

Nilimwambia, "Lete nikupakie rangi, mimi najua."

Akasema, "Ntasubiri baba aje. Kasema atakuja, tutapaka pamoja."

Nitasema kweli: nilikuwa na kijicho. Mimi kutoka Pemba nilipokea salamu na mbaazi. Hakuna aliyewahi kunifungia kitu katika karatasi yenye stempu za malkia. Na zaidi ya kijicho, nilijiona fundi, kwa sababu kila mwaka kabla ya Ramadhani mimi na bibi tulipaka nyumba chokaa. Bibi alinifundisha: ukuta unyweshe maji kwanza, kwani ukiwa na kiu utakunywa chokaa yote, halafu paka nzito, na mkono wa pili upige ule wa kwanza ungali mbichi, vishikane. Kuta za mawe ndivyo zinavyotaka. Mimi nikadhani kila kitu duniani ndivyo kinavyotaka.

Basi alasiri moja mdogo wangu yuko chuo cha Kurani, nasikia sauti za watoto wakisoma kwa pamoja kutoka mtaa wa pili, bibi amejinyoosha. Nikalitoa gari kidakani, nikapanda nalo juu ya paa tulipokuwa tukianikia kunde. Nikalinywesha maji. Nikakata nyuzi za usumba wa nazi kutoka burashi ya chokaa, nikazifunga uzi, nikachovya, nikapaka nzito. Halafu mkono wa pili, mbichi juu ya mbichi. Halafu nikaliweka juani, juu ya bati, likauke upesi kabla hajarudi.

Plastiki hainywi maji. Rangi iliteleza juu ya yale maji, ikajikusanya madirishani, ikaziba milango yote miwili. Paani pale ikaanza kujikunja, na makapi ya kunde yakaja na upepo kuganda humo. Nilijaribu kuifuta kwa kidole gumba, nikaacha mfereji. Niliposikia watoto wa chuo wametoka, nililirudisha kidakani vile vile lilivyo, nikashuka, nikachukua ungo wa mchele. Nilikuwa na rangi kwenye kucha. Nikavizamisha vidole vyangu ndani ya mchele.

Bibi ndiye aliyeliona mwanzo. Hakuuliza nani. Gari ni la mtoto wa kiume, rangi ni yake, anayecheza na magari ni yeye. Nani angemfikiria msichana anayechagua mchele?

"Njoo hapa! Hivi ndivyo unavyoweka kitu cha baba yako?"

Mdogo wangu alilitazama gari, na uso ukambadilika. "Si mimi, bibi."

"Si wewe, kalipaka jini?"

"Wallahi si mimi."

Kwa kile kiapo alipigwa kofi, la kwanza nililomwona bibi akimpiga, maana bibi hakupenda jina la Mungu liingizwe katika uongo. Alilia bila ya sauti. Akageuka, akanitazama. Sikuona shutuma katika macho yake, alikuwa akinitazama tu kama mtu anayetafuta wa kumsemea. Nikainama. Nikaendelea kuchagua mawe.

Ningeweza kusema. Ilikuwa maneno mawili tu, na kofi moja ningelistahamili. Sikusema.

Ijumaa ilipofika, bibi akanikalisha mkekani. Tukaanza kama kawaida: baada ya salamu, sisi huku hatujambo, hofu ni juu yako uliye mbali. Kisha akasema, "Andika. Lile gari ulilomletea mwanao kishalitia rangi, kalichafua lote, na juu yake kaapa uongo. Mtoto huyu hajui kutunza kitu. Mwandikie neno wewe baba yake."

Kalamu ilisimama. Bibi akauliza, "Wino umekwisha?"

Nikasema, "Haujesha, bibi." Nikaandika. Tena niliandika kwa mwandiko mzuri, na barua nikaipeleka posta mwenyewe.

Nilipotoka posta roho ilianza kuniuma. Nikajiambia nikilitengeneza gari, mambo yatakuwa yamekwisha. Siku ya pili nikamwambia bibi nitajaribu kulisafisha, nikalifunga katika leso, nikaenda kwa jirani yetu aliyekuwa akipaka rangi baiskeli chini ya nyumba yake. Alikuwa mtu mzima mpole, mikono yake haitoki rangi hata siku ya sikukuu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Una nini humo?"

Akaligeuza gari, akacheka. "Nani kalipaka hivi?"

"Mtoto wa ami," nikasema. Ndiyo, mwenzangu. Hata kwake.

"Basi mwambie plastiki si ukuta. Huyu kalipaka kama anapaka chokaa ya Ramadhani." Akanitazama kwa muda zaidi ya nilivyopenda. "Kwa nini hakuja mwenyewe?"

"Anaona haya."

"Haya ni nzuri," akasema, akanisogezea kigoda.

Kazi ile ilichukua siku tisa, nikimtembelea kila nikitoka skuli. Alinikataza petroli, akasema itayeyusha plastiki yenyewe. Aliomba kwa dereva rafiki yake mafuta ya breki kidogo, kwa sababu kila dereva anajua yakidondokea bodi ya gari, rangi hubanduka. Kwanza akatia tone moja chini ya gari, mahali pasipoonekana, tukangoja mpaka kesho yake. Plastiki ilikuwa salama. Tukalilaza gari ndani ya bakuli la bati lenye mafuta hayo, na rangi ikaanza kulegea. Nikaisugua kwa mswaki mkongwe. Katika mistari ya milango nikapitisha sindano, taratibu, nisichimbe. Palipobaki vinundu nilisugua kwa majani ya msasa, yale ya mti yanayokwaruza, waliyokuwa wakiyatumia maseremala na watoto wakati karatasi za kusugulia hazipatikani madukani. Aliyaloweka kwanza ili yasichane.

Halafu sabuni na maji, likauke kivulini, si juani. Halafu rangi iliyobaki kikoponi, mkono mwembamba hata plastiki inaonekana chini yake. Halafu kungoja. Nilitaka kupiga mkono wa pili siku ile ile, akanishika kifundo cha mkono. "Linuse. Bado lina harufu? Basi bado bichi." Nililinusa siku mbili. Mkono wa pili ulipokauka gari lilikuwa kijivu sawasawa, laini kama ganda la yai, na milango ikifunguka.

Nililirudisha kidakani. Mdogo wangu alipoliona alinikumbatia kiunoni akaegemeza kichwa. Alikimbia kwa bibi: "Dada kalitengeneza! Dada kalitengeneza!" Bibi akanishika mikono, akaibusu viganja, akasema mikono hii ina baraka. Usiku huo nilipewa kipande kikubwa cha samaki. Sikuweza kukimeza, nikampa yeye, naye akaniona mwema zaidi.

Hata hapo ningeweza kusema.

Majibu ya ami yalikuja baada ya mwezi na zaidi. Tukakaa mkekani, mdogo wangu akasogea karibu yangu kama kawaida yake, akitazama herufi kana kwamba baba yake amo ndani. Nikasoma salamu. Nikafika alipotajwa mdogo wangu, nikaanza kuikunja karatasi.

"Soma," bibi akasema.

Nikasoma. Ami aliandika kwamba amesikitika. Alikuwa ameshamnunulia mwanawe gari jingine, la mizigo, lakini amempa mtoto wa jirani yake huko, kwa kuwa mtoto asiyetunza kitu na anayeapa uongo hastahili kuletewa. Akionesha adabu, ataletewa. Na safari ya kuja imeahirishwa, mambo hayajawa sawa.

Nilidhani mdogo wangu atasema tena si mimi, na nilijiambia, akisema, safari hii nitaungama. Naapa nilijiambia hivyo. Lakini alifikiri kwa muda mrefu, mtoto wa miaka tisa, kisha akaniambia, "Dada, andika. Mwambie baba nnaomba radhi. Mwambie sitofanya tena. Mwambie gari ishatengenezwa, aje."

Nikamtazama bibi. Bibi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Mwandikie mwenzio. Kafanya vizuri."

Nikaandika. Naomba radhi, baba, sitofanya tena. Kosa langu, kinywa chake, mwandiko wangu.

Ami hakuja. Barua zilipungua, zikawa za sikukuu hadi sikukuu, na kabla mwanawe hajamaliza skuli tukaletewa habari kuwa amezikwa huko huko. Bibi alimfuata baada ya miaka miwili. Nyumba ilikwenda kwa wengine. Kuta zake leo zimepakwa rangi ya dukani ya mafuta, isiyopitisha hewa, na mawe yanaoza ndani kwa ndani. Fundi wa baiskeli hayupo, na ukimtajia kijana wa leo majani ya msasa atadhani unamtajia mboga. Barua kwa mkono wa mtoto, bibi akisema na mjukuu akiandika, nazo zimekwisha. Kila mtu ana simu yake na maneno yake mwenyewe.

Mdogo wangu yupo, ana wajukuu. Mara nyingi nimefunga safari kwenda kwake nikiwa nimejiandaa kusema, nikarudi nimekunywa chai tu. Nikimwambia leo, nitamwambia pia kwamba baba yake alikufa akiamini mwanawe ni mharibifu na mwongo, na kwamba ule msamaha aliouomba haukuwa wake kuuomba. Nani wa kumrekebishia? Aliyekuwa wa kurekebishiwa yuko chini ya udongo wa watu.

Idi iliyopita aliwakusanya wajukuu zake wanisalimie. Wakaja mmoja mmoja, shikamoo bibi, wakanibusu mkono. Akawaambia, "Mshikeni mkono vizuri huyu. Nilipokuwa mdogo niliharibu gari nililoletewa na baba yangu, na huyu ndiye aliyenitengenezea."

Niliharibu, alisema. Miaka yote hiyo imeshamfanya aamini kuwa ni yeye.